Nyumba ya Magurudumu Mawili Kutoka Stesheni Mpaka Ngong Road

Mtu akilala juu ya magurudumu, kisheria hajalala Nairobi. Maneno haya niliyaamini miezi minne kamili, tena niliyaamini kuliko ninavyoamini hesabu ya tisa mara tisa. Aliyeniambia ni Hezroni, mwenzangu wa shule ya jioni, ambaye kazi yake ilikuwa kufagia sakafu za kortini, na kwa sababu hiyo sisi darasani tulimhesabu kuwa nusu wakili. Alisema sheria hiyo ni ya kale, ilitungwa Uingereza kwa ajili ya watu wa sarakasi, na haijafutwa mpaka leo. Mwenye nyumba ya magurudumu ni msafiri. Msafiri yuko njiani. Aliye njiani hayuko mjini, na asiyekuwa mjini haulizwi kibali cha mjini. "Utamkamataje mtu ambaye hayupo?" aliuliza Hezroni, na darasa zima tukapiga meza kwa furaha.

Na ushahidi tulikuwa nao. Kule kwenye uwanja wa maonyesho, kando ya Ngong Road, Wazungu walikuwa wakija na vijumba vyao vya kuvutwa na motokaa. Wanapiga kambi wiki nzima, wanaanika suruali zao za ndani hadharani, na hakuna askari anayewauliza wamelala kwa ruhusa ya nani. Niliyaona haya kwa macho yangu mawili. Nikasema, kumbe ni magurudumu bwana!

Ninyi wenzangu wa karakana mmeniuliza mmoja mmoja yaliyotupata, na kila nikianza kueleza hasira inanipanda, naishia kupiga nyundo mahali pasipo msumari. Basi nimeandika mara moja, msome wote. Habari za fomu na mihuri sitaziandika. Kila mmoja wenu ana zake.

Mnajua kwa nini niliihitaji nyumba hiyo. Chumba changu cha Shauri Moyo tulikuwa wanaume watano, kila mtu na kitanda chake, na mke haruhusiwi hata kuegemea mlango. Rasoa mke wangu nilimwoa miaka mitano iliyopita, na ukikusanya siku zote tulizolala chini ya paa moja hazifiki msimu mmoja wa mahindi. Ndipo akaniandikia kutoka nyumbani Maragoli: "Nakuja Jumamosi kwa treni. Nikikosa pa kulala nitarudi kwa treni ya Jumapili, na sitakuja tena." Rasoa akishika kalamu hatanii.

## Karakana: mashua inageuka kitanda

Mzungu mmoja wa Kileleshwa alikuwa ameuza mashua yake ya tanga, trela yake ikabaki nyuma ya banda, imemezwa na nyasi. Niliichukua. Sasa trela ya mashua si trela ya mizigo, ndugu zangu. Haina sakafu. Ni mkono mrefu wa chuma, ekseli moja, magurudumu mawili, na mbao mbili za kupakata tumbo la mashua kama mama anavyopakata mtoto. Hizo mbao nilizing'oa, nikafunga mihimili ya podo kwa boliti, nikatandika sakafu ya futi nne kwa nane.

Umbo nililitoa kwenye ukurasa wa gazeti la Amerika niliofungiwa karanga. Palikuwa na picha ya kijumba cha kulala watu wawili, mbele kimevimba duara, nyuma kimechongoka, kama tone la maji linalotaka kudondoka. Sisi tunaounda bodi za mabasi tushindwe na duara? Nilichora ubavu mmoja sakafuni kwa kamba na mkaa, nikakata plaiwudi, nikaigeuza nikakatia wa pili. Plaiwudi ya paa niliifunika kwa magunia mabichi siku mbili ndipo ikakubali kupinda. Moja iliyokataa ilipasuka kwa mlio ambao Bwana Kanji, mwenye karakana yetu, alidhani ni bunduki, akajitupa chini ya basi na miwani yake. Juu nilipigilia mabati ya madebe yaliyonyooshwa, nikapaka nyeupe na kijani iliyobaki kwenye mabasi. Nyuma niliweka kifuniko cha kuinua, na chini yake jiko, sufuria mbili na birika. Ndani godoro nililolishona mwenyewe, nikalijaza katani ya viti vya mabasi. Mtu angeweza kuketi humo akiinama. Kusimama hapana, lakini nani anasimama kitandani?

Bwana Kanji aliizunguka mara tatu. "Absalomu, kazi mzuri. Beringi umeangalia? Trela ya mashua kila siku naingia maji."

"Beringi nzima, bwana."

Nilizungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka. Sikulifungua. Katika watu wote niliowakasirikia safari ile, wa kwanza ni yule fundi aliyezungusha gurudumu kwa mkono.

## Stesheni mpaka Government Road

Motokaa ya kuvuta sikuwa nayo, kwa hiyo mwenye kuvuta nilikuwa mimi. Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa nje ya stesheni, nimeshika mkono wa trela kama punda aliyehitimu. Treni ilikuja saa sita na nusu. Katika saa hizo askari wa stesheni alinifukuza mara arobaini. "Wewe! Ondoa jeneza yako hapa!" Nikizunguka upande wa pili namkuta yuleyule. Nadhani walikuwa wamezaliwa mapacha kumi.

Rasoa akatoka na kikapu kichwani na chungu kidogo mkononi, kimefungwa jani la mgomba. Akanisalimu vizuri, akauliza habari za kazi, kisha macho yakatua.

"Baba Joni, hiki ni nini?"

"Nyumba."

"Ya kuku?"

"Yetu. Chungulia uone."

Akachungulia kimlango cha ubavuni. "Mayi! Mtu anaingia kwa miguu au kwa kichwa?"

"Kwa kichwa."

"Na kutoka anatanguliza matako. Haya."

Nikamweleza sheria yote, kuanzia watu wa sarakasi mpaka msafiri asiyekuwapo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alisema?"

"Hezroni."

"Yule uliyeniandikia kwamba anafagia?"

"Anafagia kortini, Rasoa!"

"Na anayefagia hospitali, huyo naye anapasua watu?"

Nilikasirika sana. Nikamwambia aweke kikapu chake ndani asukume. Akaweka, akasukuma, na nitasema ukweli, alisukuma kuliko nilivyovuta.

Government Road Jumamosi mchana imejaa. Hatujafika mbali, mama mmoja wa Kizungu mwenye watoto wawili akatusimamisha kwa mwavuli.

"Boi! Simama! Mimi nataka aiskrimu mbili. Pesi!"

Ni ile rangi nyeupe na kijani, jamani. Nikainama kidogo, nikamjibu kwa Kiingereza kile kile kilichonipatia cheti, kwamba, madamu, haya ni makazi yangu.

Akafikiri. Kisha akasema, "Basi hiyo. Mbili."

Nikaona nimwonyeshe ili aelewe. Nikainua kifuniko cha nyuma. Ndani ya sufuria Rasoa alikuwa amekwisha panga samaki wakavu wa nyumbani, na wamesafiri siku nzima katika treni yenye joto. Harufu ilitoka kama mtu aliyechoka kusubiri. Mtoto mdogo akalia, mkubwa akataka kugusa, mama yao akaniita mchafu, mwizi na jina lingine ambalo shule ya jioni hawakutufundisha. Watu wakasimama kutazama. Karani mmoja Mwafrika mwenye tai alicheka mpaka akashika nguzo, naye nilimkasirikia kuliko yule mama.

Rasoa hakucheka. Tulipopata nafasi ya kwenda aliniuliza, "Kwa nini anakuita boi? Una mtoto wa miaka minne."

Nikavuta trela.

## Mlima wa Valley Road

Mlima huu Wazungu waliupima vibaya. Wanasema ni chini ya maili mbili. Mimi niliyeuvuta najua unafika Uganda. Katikati yake gurudumu la kushoto likaanza kulia. Kwanza kama paka, kisha kama nguruwe anayechinjwa, kisha likatoa moshi.

Nikalifungua kwa spana pale pale kando ya barabara. Ndani hapakuwa na beringi, palikuwa na historia ya beringi. Maji ya kila siku ya kushusha mashua yalikuwa yameingia, grisi imekwisha zamani, vigololi vimekuwa rangi ya matope. Nilivipangusa kwa shati.

"Inataka nini?" Rasoa akauliza.

"Grisi."

"Iko wapi?"

"Karakana."

Wote wawili tukatazama kile chungu.

"Hapana," akasema.

"Rasoa."

"Hiyo ni samli ya mama yako. Ameikusanya tangu mvua za masika, tone kwa tone, akasema mwanangu mjini anakula mikate mikavu. Unataka nimwambie nini? Mwanao salama, na gurudumu pia limeshiba?"

"Gurudumu lisipopata, tutalala hapa mlimani. Na hapa si kambi."

Alifungua jani yeye mwenyewe, akachota kwa vidole, akakandika ndani ya kitovu cha gurudumu huku akisema maneno ya kwetu ambayo sitayaandika kwa sababu mmoja wenu ni shemasi. Nilitamani kulia, si kwa huruma, kwa hasira. Mtu na cheti chake, mikono yake yote miwili ya ufundi, anangoja samli ya mama yake ipakwe kwenye chuma ili apate kulala na mkewe wa ndoa ya kanisani.

Tukaendelea. Gurudumu likipata moto linanukia kama jikoni kwenye harusi. Mbwa wote wa nyumba kubwa za mlimani walitoka getini wakatufuata kwa adabu, pua juu.

Karibu na kilele mzee mmoja wa mkokoteni wa punda alitufikia. Alikuwa amepeleka maboga na viazi mjini, anarudi kwake upande wa Dagoretti. Badala ya kutupita akavua kofia, akamshusha punda mwendo, akatembea nyuma yetu kimya. Tulikwenda hivyo kitambo kirefu, sisi mbele, yeye nyuma na kofia kifuani, na mbwa. Mwishoni akasogea.

"Poleni sana. Ni mtoto?"

"Mtoto tumemwacha nyumbani," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Na huyu mnampeleka wapi?"

"Ngong Road."

"Makaburini?"

"Hapana, mzee. Kwenye uwanja wa maonyesho."

Mzee akasimama. Punda naye akasimama. "Mtamwonyesha?"

Hapo ndipo Rasoa alicheka, akacheka mpaka akaketi juu ya jiwe, na mzee akachungulia kimlango, akaona godoro na kikapu, naye akacheka akishika kofia. Aliitwa Baba Wangari. "Mimi nilisema, Waluhya wanazika kwa rangi nzuri!" Akafunga mkono wa trela nyuma ya mkokoteni wake kwa kamba, akatoa mkebe wa mahindi na maharage yaliyopoa. Tulikula tukitembea. Sijala chakula kitamu kama kile mwaka mzima, na hapa sitii chumvi, kwa kuwa kweli hakikuwa na chumvi.

Tulipoingia Ngong Road askari wawili walikuwa wamesimama njiani. Baba Wangari alikuwa amekwisha toa kitabu chake cha pasi, kile wanachobebeshwa Wakikuyu, kabla hawajafungua mdomo. Walikigeuza ukurasa kwa ukurasa, kisha wakamwambia amwage magunia matupu, akamwaga, wakayakanyaga, wakamrudishia kitabu. Mimi hawakuniuliza. Nikajisifu moyoni: ni trela hii. Nilijisifu, ndugu zangu, mzee anaokota magunia yake chini.

## Uwanjani

Tulifika saa kumi na moja. Baba Wangari akatuelekeza kwake, si mbali, kwenye mti uliopasuliwa na radi, akaenda zake. Uwanjani palikuwa na vijumba vitatu vya Wazungu. Nikaegesha chetu cha nne katika mstari, nikakipima kwa jicho kisiwe nyuma wala mbele. Nikaweka mawe kwenye magurudumu. Mpishi wa kijumba cha karibu, Mkamba mwenye aproni, alikuwa akimenya viazi, akatutazama, akarudia viazi vyake.

Rasoa akainua kifuniko, akateremsha jiko chini akaliwasha, akasonga ugali, akachemsha samaki. Akaingia ndani, kichwa kwanza kama nilivyomwelekeza, akajinyoosha juu ya godoro, nyayo zake zikabaki nje mlangoni, zimejaa vumbi la Valley Road. Akagonga paa kwa kidole.

"Umepinda mwenyewe hii?"

"Mwenyewe."

"Baba Joni, hapa panatosha."

Nimewaambia watu mengi makubwa maishani mwangu. Lakini nikisema saa ile ilikuwa kubwa kuliko zote, siongezi hata nukta.

Chakula hakijapakuliwa, Mzungu wa kijumba cha mwisho akainua mkono kumwita mtu, na sajini mmoja akaja na askari wake.

"Kibali."

Nikasimama wima. Nilikuwa nimeyakariri haya miezi minne. "Afande, sisi ni wasafiri. Nyumba hii ina magurudumu. Kisheria hatujalala Nairobi."

Sajini akanitazama. "Kweli kabisa. Hamjalala. Na hamtalala."

Askari wake akacheka. Nikamweleza sheria ya sarakasi. Askari akacheka zaidi. Sajini hakucheka, akamgeukia Rasoa ambaye alikuwa akijitoa mlangoni kinyumenyume. Alingoja mpaka atoke mwili mzima, macho yakiwa palepale, na kwa hilo peke yake nimemhifadhia hasira ya miaka kumi.

"Huyu mwanamke anakaa wapi?"

"Ni mke wangu."

"Sikuuliza ni nani. Nimeuliza anakaa wapi."

"Hapa."

"Hapa hakuna mtu anakaa. Kesho treni ya kwanza arudi kwao. Nikimwona Jumatatu, wewe na yeye mtalala ndani, na huko hakuna magurudumu."

"Na wale?" nikasema, nikaonyesha vile vijumba vitatu. Sauti yangu ilisikika mpaka Karen. "Wale wamelala kwa kibali gani?"

"Wale wapi?"

"Wale! Wenye magurudumu!"

Akatazama upande ule kama mtu anayetazama shamba tupu. "Mimi sioni kitu." Akapiga teke jiko, ugali ukaingia mavumbini. "Dakika kumi."

## Kwenye mti uliopasuka, na stesheni tena

Yaliyofuata ni mafupi. Tulivuta mpaka kwa Baba Wangari. Kwake nako ugeni ulikuwa wa kunong'ona. Alifunga lango na kutuomba tusiongee kwa sauti. Mkewe, kwa hofu ya askari wa usiku, akamchukua Rasoa akalale na binti zake. Mimi nikalala ndani ya tone langu uani, godoro la watu wawili, peke yangu, miguu imenyooka vizuri sana.

Jumapili nilimsindikiza stesheni kwa miguu. Alikuwa ameacha chungu na samli iliyobaki kwa mke wa Baba Wangari. Treni ilipoanza kusogea akatoa kichwa dirishani.

"Niliandika kwamba sitakuja tena."

"Najua."

"Basi safari hii utakuja wewe. Sitaki barua. Njoo."

Trela ingali kwa Baba Wangari, chini ya magunia. Kazini nimeomba likizo na Bwana Kanji amekubali, mnajua. Ndiyo maana nimeandika kabla sijaondoka.

Lakini kuna jambo nililoruka, kwa sababu linanichoma kuliko teke la sajini. Zile dakika kumi, nilipokuwa nikifunga kifuniko, yule mpishi Mkamba alikuja na kikombe cha chai, akampa Rasoa, kisha akanishikia kamba. Akaniuliza hiyo sheria ya magurudumu nimeisoma wapi. Nikamwambia yote, Hezroni, korti, sarakasi, nikamwonyesha kidole vile vijumba, nikasema, si unaona hawaulizwi?

Akafunga fundo lake kwanza, akalivuta kulijaribu.

"Ndugu, mimi nimetoka Mombasa na ile nyumba ya bwana," akasema. "Wao wanalala ndani. Mimi nalala chini yake, katikati ya magurudumu. Voi nimeulizwa karatasi ya kipande. Mtito nimeulizwa. Hapa nimeulizwa juzi, asubuhi, bado nimejifunika blanketi. Hakuna sheria ya magurudumu. Hawaulizwi kwa sababu ni Wazungu."